Ubongo wa Jeneza

Siku ambayo Daktari Pua aliamini ametoka kimaisha, alikuwa amenyolewa nusu ya kichwa.

Nusu ya kulia ilikuwa inang'aa. Nusu ya kushoto bado ilikuwa na nywele zake zote, nyingi na zenye vumbi la karakana. Kinyozi alikuwa anakwenda polepole kwa mkasi na wembe, maana mashine yake ya umeme ilitangazwa kufariki wiki iliyopita, na daktari aliyethibitisha kifo hicho ni huyuhuyu aliyekaa kitini. Kinyozi hakuonekana kuweka kinyongo. Alinyoa huku akiimba chinichini, sauti nyembamba na tamu, kama mtu asiye na neno na mtu.

Kwenye kiti cha pili alikaa bwana mmoja wa suti nyeupe, povu limemjaa mashavuni, simu sikioni. Sauti yake ilikuwa nzito kiasi kwamba chupa za mafuta ya nywele zilitetemeka kwenye rafu.

"Bovu sitaki!" alinguruma. "Jeneza bovu la nini mimi? Najua yule bibi wa nyuma ya soko la mbao analo, lakini mjukuu wake kalichomekea adapta siyo, jana tu, likafuka moshi. Nitafutie zima. Atakayeniletea Jeneza linalolia, leo hii, namkabidhi lile duka la kona lenye mlango wa kioo, miaka mitatu, bila kodi. Nini? Fundi? Mafundi wa mji huu wote wezi!"

Sikio la Daktari Pua, lile la upande ulionyolewa, lilisimama wima.

Wanamuziki wa mji ule wanajua Jeneza ni nini. Ni kinanda cha zamani, sanduku refu la mbao nyeusi lenye vifundo arobaini vya kuzungusha na pembe za shaba, zito la kubebwa na watu wawili. Vilitengenezwa vichache, kiwanda kikafungwa, na tangu hapo kila mwenye studio anakitaja kwa sauti ya mtu anayemtaja mchumba aliyemkosa.

Hapa tusimame kidogo tumtambulishe mheshimiwa wetu kwa taadhima anayostahili. Udaktari alijipa mwenyewe. Pua alipewa na watu, kwa sababu ya namna yake ya kupima. Ukimletea kinanda kilichozimika, hakifungui. Anakilaza mezani, anafumba macho, anainama, ananusa. Ananusa kwenye tundu la adapta, ananusa kwenye spika, anazunguka ananusa na mgongoni. Kisha anainuka taratibu, anakushika bega na kusema, "Pole sana. Ubongo umeungua."

Watu wazima wamelia pale mezani kwake. Na wakishalia, Pua anajitolea kwa moyo mweupe kuwapunguzia mzigo: anakichukua kinanda kwa bei ya chuma chakavu, na mteja anatia sahihi kwenye fomu aliyoichapisha mwenyewe. Fomu inasema hivi: *Kama kilivyo. Sina madai, leo wala kesho.*

Ukweli ni kwamba ubongo haukuwahi kuungua hata mara moja. Adapta za vinanda zinafanana kwa sura lakini hazifanani kwa tabia. Nyingine zina chanya ndani na hasi nje, nyingine kinyume chake. Ukichomeka isiyo yenyewe, kuna kidude kimoja mlangoni, kidogo kama punje ya mchele, mafundi wanakiita daiodi, ambacho kazi yake ni kufa ili wengine wapone. Kinakufa kishujaa, kinatoa kaharufu, kinanda kinazimika, na mwenye kinanda anachanganyikiwa. Kukibadilisha ni kazi ya muda wa kuchemsha chai. Ndiyo maana Pua alikuwa na amri moja aliyoishika kuliko zote: usifungue chombo mbele ya mwenyewe. Akiona kilichokufa ni punje, atadai chake.

Na adapta zisizo zenyewe zilitoka wapi kwa wingi namna ile? Ah. Pua alikuwa anaziuza sokoni siku za mapumziko, kwa bei ya kutupa, kila moja imefungwa kwa mpira pamoja na kadi: *Ukipata shida, nione.* Mtu anauza ugonjwa, anauza dawa, halafu anamrithi mgonjwa. Hata yeye mwenyewe wakati mwingine alijistaajabia.

Wiki mbili kabla ya siku hiyo ya kunyolewa nusu, alikuja mwalimu wa kwaya, mama mwembamba mwenye mikono ya kupigia midundo hewani hata anapozungumza. Kwaya yake ilikuwa imechangishana mwaka mzima kununua kinanda kile, na mashindano makubwa yalikuwa yamekaribia. Alikuwa ameshika adapta ya Pua mkono mmoja na kadi ya Pua mkono wa pili.

"Daktari, hakuna namna kabisa?" aliuliza. "Tuna watu arobaini wanategemea hiki. Bila kinanda sauti ya kwanza inapanda mpaka inagonga dari."

"Mama, ningekuwa na namna ningekuficha? Ubongo umeungua."

Mama alitia sahihi, akapewa nakala yake, akatoka akijifuta macho kwa kiwiko. Chai ilipochemka, kinanda kilikuwa kinalia vizuri kuliko siku kilipotoka dukani. Pua alikiweka rafu ya juu kusubiri tajiri. Kilikuwa na kasoro moja tu, kibonyezo kimoja cheupe kilichomegeka pembeni, na hicho hakupata muda wa kukibadilisha.

Basi turudi kwa kinyozi. Bwana wa suti nyeupe alifuta povu, akalipa, akatoka. Pua naye akaruka kitini, shuka la kinyozi bado limemning'inia shingoni.

"Daktari! Bado nusu!" kinyozi alipiga kelele.

"Nitarudi!"

"Utarudi lini?"

"Nikiwa bosi!" Akanyakua kofia ya sufu ya kinyozi kutoka kwenye msumari, akaivuta mpaka masikioni, akatoka mbio.

Alimkuta Suti Nyeupe palepale alipoomba amkute, mbele ya duka la kona. Mlango ule wa kioo Pua aliujua vizuri. Miaka sita alikuwa anapita pale kila asubuhi akijitazama ndani yake, akijiona na tai, na kibao cha taa juu ya kichwa chake. Karakana yake mwenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga, ambako kila kinachogusa meza kinapata unga, na mwenye chumba alishamwambia mwisho wa mwezi anataka kuweka mashine ya pili. Kwa hiyo duka lile halikuwa ndoto ya kuotea tu. Alilihitaji, na siku zilikuwa zinakwisha.

"Mzee wangu," alisema akihema, "nimesikia kwa bahati mbaya, samahani. Unatafuta Jeneza?"

"Wewe nani?"

"Mimi ni mtu mwenye Jeneza. Zima. Linalia."

Suti Nyeupe alimtazama kuanzia kofia hadi viatu. Kisha akatoa shada la funguo, akazichezesha kidogo. "Saa kumi na moja jioni nitakuwa hapahapa. Ukinipigia sauti moja tu ya Jeneza, ufunguo wako. Ukichelewa, kuna muuza simu anapataka."

"Saa kumi na moja utanikuta nimekutangulia."

"Na kwa nini umevaa shuka?"

Pua alijitazama. "Ndiyo mavazi ya kazi," alisema, akaondoka kwa hatua za mtu mwenye shughuli nyingi.

Nyuma ya soko la mbao hakuhangaika kuuliza. Nyumba ya bibi ilikuwa na uzio wa mabati na kuku wengi. Bibi mwenyewe, mdomoni ana meno machache lakini yote anayatumia kucheka, alikuwa anapepeta mchele barazani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ndani hatuingii na kofia."

"Bibi, kichwa changu kina baridi."

"Na jua lote hili? Vua."

Pua alivua. Bibi aliangalia nusu ya kulia, akaangalia nusu ya kushoto, akarudi kwenye mchele wake.

"Ni mtindo?" aliuliza.

"Ndiyo, bibi. Wa mafundi."

"Haya. Uzee huu tutaona mengi."

Jeneza lilikuwa chumba cha uani, juu ya meza mbili zilizounganishwa, na Pua alilizunguka mara mbili. Mbao nyeusi, pembe za shaba, vifundo arobaini, kila kimoja kinazunguka bado. Pembeni yake ilichomekwa adapta. Aliigeuza. Ilikuwa ya kwake! Ilikuwa na kadi na mpira wake. Alitaka kucheka, akajibana hadi akashikwa na kwikwi. Mbegu aliyoirusha sokoni imeota kwa bibi, ikazaa duka.

"Mjukuu wangu huyo," bibi alisema kwa huzuni. "Kachomeka, moshi puu! Marehemu mume wangu angekuwepo angelia."

Pua alifumba macho, akainama kwenye tundu la adapta, akanusa. Ilikuwapo. Ile harufu kali na ndogo, ya daiodi iliyokufa jana, si ya transfoma wala ya nyaya. Angeweza kuiapia mahakamani. Alinusa na mgongoni, kwa heshima ya taaluma, na huko akapata harufu nyingine, ya mavi ya kuku. Alijiambia bibi anafuga, uani pote panaitoa, akaipuuza. Aliinuka taratibu na kumshika bibi bega.

"Pole sana, bibi. Ubongo umeungua."

"Uuuwi! Ubongo wote?"

"Wote. Hata kisogo."

Bibi alikaa chini. Alilalamika kidogo, akamtaja marehemu mara tatu, kisha akajifuta pua na kuwa mtu wa biashara. "Mimi pesa sina haja nayo, itaisha. Mjukuu wangu analilia kinanda. Nipe kinanda kizima uchukue hili sanduku lako la msiba."

Pua alikubali papo hapo. Alikimbia karakana, akarudi na kinanda kidogo kilichokuwa chini kabisa ya rafu. Bibi alikibonyeza kwa kidole kimoja.

"Hiki kinakohoa."

"Ni sauti ya kisasa, bibi."

"Kina kifua. Lete kingine, au nimpigie yule bwana wa suti nyeupe aliyekuja juzi, nimwambie nimekubali kumwachia bure, na ubovu wake."

Pua hakusubiri sentensi iishe. Alikimbia tena, akapanda juu ya kiti, akasimama mbele ya rafu ya juu. Kinanda cha kwaya kilikuwa kimetulia pale, na kibonyezo chake kilichomegeka. Kilimuuma kukitoa. Ndicho kilikuwa bora kuliko vyote alivyonavyo, na kilikuwa na mnunuzi wake anakuja wiki ijayo. Lakini mtu anayekaribia kuwa na mlango wa kioo hawezi kung'ang'ania rafu. Akakibeba.

Bibi alikibonyeza. Safari hii alitumia vidole vyote kumi, na Pua alishangaa kidogo kuona vidole vya mpepeta mchele vinajua njia namna ile.

"Hiki kizima?" bibi aliuliza.

"Kizima kama wewe, bibi."

"Hakijawahi kuungua?"

"Hata siku moja."

"Niandikie, basi. Wazee wa siku hizi tunaibiwa."

Pua aliandika: *Kinanda hiki ni kizima, hakijawahi kuungua, na kuanzia leo ni mali ya bibi huyu.* Akatia sahihi yenye mkia mrefu. Kisha akatoa fomu yake ili bibi naye asaini kwa ajili ya Jeneza. Bibi alivaa miwani, akaisoma polepole.

"*Kama kilivyo. Sina madai, leo wala kesho.* Maneno matamu haya. Nani katunga?"

"Mimi mwenyewe."

"Una kipaji. Sasa mimi nasaini natoa kama kilivyo, na wewe unasaini unapokea kama kilivyo. Au siyo haki?"

Ni haki, Pua alisema, maana kichwani alikuwa tayari anachagua rangi ya pazia. Aliweka sahihi ya pili, mkia mrefu kuliko ule wa kwanza.

"Hutaki kufungua uangalie?" bibi alimuuliza kwa upole.

Fikiria mtu ametunza amri moja maisha yake yote! Wengine wanashindwa hata kutunza diet ya siku tatu. Pua alikumbuka ile amri yake kuu, akamtazama bibi na kumwonea huruma: akifungua hapa, huyu mama ataona punje.

"Hapana haja, bibi," alisema. "Pua imeshaona."

Mkokoteni ulipatikana, na mwenye mkokoteni, jitu la mabega mapana lisilopenda maswali. Lakini lilipoinua upande wake liliuliza moja. "Ndugu, humu ndani umeweka nini, ukuta?"

"Muziki wa zamani ulikuwa mzito," Pua alimjibu.

Walilifunika kwa kitambaa cheusi lisipate vumbi. Hilo lilikuwa kosa, au tuseme halikuwa kosa bali mwanzo wa maandamano. Sanduku refu jeusi, pembe za shaba zinachungulia, juu ya mkokoteni unaokwenda taratibu, na nyuma yake mtu mwenye uso wa furaha anayejitahidi kuuficha. Muuza nguo wa kwanza aliwaona akavua kofia. Wa pili akazima redio.

"Poleni jamani," mama mmoja alisema. "Alikuwa nani wako?"

Pua angeweza kusema ukweli, ila hakuwa na mazoea nao. "Mjomba," alijibu.

"Maskini. Aliumwa nini?"

"Umeme, mama. Ulimpiga umeme."

Mama alianza kulia papo hapo. Mwingine akajiunga. Kufika njia panda walikuwa watu ishirini nyuma ya mkokoteni, na askari wa barabarani alisimamisha magari pande zote nne, akapiga saluti. Pua naye alianza kuguswa na msiba wake mwenyewe. Alipeana mikono, akainamisha kichwa, akasema mjomba alikuwa mtu wa watu.

Jambo moja tu liliharibu heshima ya shughuli ile. Kuku mmoja mwekundu wa bibi alikuwa ametoka nao uani, akawa anakimbia pembeni ya mkokoteni huku akipiga kelele za hasira. Walimfukuza, akarudi. Walimtupia kandambili, akaruka akatua juu ya kitambaa cheusi na kukataa kushuka.

"Jamani, hata kuku wake anamlilia," alisema yule mama, na kilio kikapanda upya.

Bibi alikuwa amewaambia tangu mlangoni, akicheka kwa yale meno yake machache, "Huyo mwacheni tu, anapenda muziki."

Saa kumi kamili mkokoteni ulifika karakana. Pua aliwashukuru waombolezaji, akawaambia mazishi ni ya wanafamilia tu, akafunga mlango. Alichemsha birika kwa mazoea. Akawasha pasi ya kuchomea lehemu. Akachagua daiodi moja mpya, akaibusu, akaiweka mezani. Muda wa chai tu, kisha kibao cha taa, kisha tai.

Skrubu zilikuwa nane, na zilitoka kirahisi mno kwa skrubu za miaka arobaini. Hilo alilifikiria baadaye. Aliinua kifuniko.

Nyoya moja jekundu lilipanda hewani, likazunguka na kutua juu ya kofia aliyokuwa ameirudisha kichwani.

Ndani ya Jeneza hapakuwa na ubongo. Hapakuwa na uti wa mgongo wala utumbo. Palikuwa na matofali, yamepangwa kwa ustadi na kuzungushiwa nyasi kavu ili yasigongane, na katika nyasi kulikuwa na kiota, na katika kiota yai moja, bado la moto. Karibu na tundu la adapta palibandikwa daiodi moja iliyoungua kabisa, peke yake, haikushikana na kitu chochote. Ilinuka vizuri sana. Chini yake palikuwa na fomu ya Pua, ya kwake mwenyewe, ile iliyosainiwa wiki mbili zilizopita, na nyuma yake mkono wa mwalimu ulikuwa umeandika kwa herufi za kupendeza:

*Pole sana, Daktari. Ubongo umeungua.*

Nje, kuku alikuwa anagonga mlango kwa mdomo.

Birika lilianza kupiga mluzi na Pua hakulizima. Alisimama pale akiwa na bisibisi mkononi na aibu imemshika toka visigino mpaka masikio. Pua yake haikumdanganya, na hilo ndilo lililomkera kuliko yote. Ilimwambia kuna daiodi, daiodi ipo. Ilimwambia kuna kuku, na kuku yupo, anamdai yai. Kumbe hata Jeneza lilishakufa kabla yeye hajajua kushika bisibisi, na bibi alikuwa analitumia kutotolea vifaranga.

Akaanza kukimbia. Alikimbilia duka la kona, akakuta mlango wa kioo umefungwa, na ndani yake akajiona mwenyewe: hana tai, ana nyoya. Suti Nyeupe hakuwepo. Akafikiri: kinyozi aliyemnyoa bwana yule lazima anamjua. Akakimbia hadi kwa kinyozi.

Kinyozi alikuwa anafunga. Chini ya koti lake la kazi ilichungulia joho la rangi ya samawati lenye ukosi mweupe.

"Yule bwana!" Pua alisema. "Yule wa suti nyeupe! Anakaa wapi?"

"Kaa kwanza, Daktari," kinyozi alimwambia. "Huwezi kumtafuta mtu ukiwa hivyo. Nikumalizie."

Pua alikaa kwa sababu miguu ilikuwa imemwisha. Kinyozi alimvua kofia yake ya sufu, akaitundika kwenye msumari wake. Kisha akafungua droo, akatoa mashine ya umeme, na mashine ikaanza kunguruma mkononi mwake, nzima kabisa.

Pua aliitazama kwenye kioo. "Hiyo si ilikuwa..."

"Imekufa? Ndiyo, uliniambia. Ubongo umeungua." Kinyozi alipuliza nywele kwenye meno ya mashine. "Nikaenda nyumbani nikawaza sana, Daktari. Mashine ya kunyolea, ubongo wa nini? Inafikiri nini? Nikaja karakana kwako nikuulize, sikukukuta. Ila mlango ulikuwa wazi, nikaona rafu. Nikaona kinanda chenye kibonyezo kilichomegeka. Kile kibonyezo nilikimega mimi, mwaka jana, nilikiangushia mkasi mazoezini. Basi nikarudi nikaifungua hii. Ndani nikakuta punje imeungua. Punje tu!"

Upande wa pili wa barabara, katika jumba la mikutano, vipaza sauti vilikohoa. Mtu alitangaza kwaya inayofuata. Kikaanza kinanda, na Pua alikitambua kwa sauti mbili za kwanza, maana daiodi ile aliichomea mwenyewe, kwa lehemu safi, na ilikuwa inapitisha umeme bila mkwaruzo wowote. Ikaingia sauti ya kwanza. Ikaingia sauti ya pili, na ndani yake alimsikia bibi mmoja mwenye meno machache akiitandaza bila wasiwasi. Kisha ikaja sauti ya nne, nzito kiasi kwamba chupa za mafuta ya nywele zilitetemeka kwenye rafu.

Pua aliziangalia zile chupa. Akafumba macho.

"Wote?" aliuliza.

"Watu arobaini," kinyozi alisema. "Suti tuliazima. Funguo zile ni za ukumbi wa mazoezi. Na mwenye mkokoteni naye tumemwandikisha leo, ana kifua kizuri." Akapitisha mashine mara moja, kistari kimoja chembamba, katikati kabisa ya nusu ya nywele. "Basi subiri, sauti ya tatu inaingia ubeti wa pili, na mimi ndiye..."

Mashine ilinyamaza. Kinyozi aliitikisa. Aliiweka karibu na uso, akafumba macho, akainama, akanusa upande huu, akazunguka akanusa na upande wa pili. Kisha akainuka taratibu na kumshika Daktari Pua bega.

"Pole sana," alisema. Akavua koti, akarekebisha ukosi wa joho, akavuka barabara akikimbia.

Daktari Pua alibaki kitini na kichwa kilichonyolewa nusu na kistari. Alikasirika sana, na alikuwa na haki ya kukasirika kama mwizi yeyote. Lakini pale ubeti wa pili ulipoingia na sauti ya tatu ikapanda juu ya kinanda, mguu wake ulianza kupiga mdundo sakafuni bila ruhusa yake. Alijaribu kuuzuia kwa mkono. Mlangoni, kuku mwekundu alikuwa amefika, anamtazama.